Kofia Nyekundu Niliyoiingiza Kwenye Filamu

Nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto, naishi Shanwe hapa Mpanda. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyesha video. Nashika maiki, sauti ya Kizungu inapunguzwa, nami nawasemea waigizaji kwa Kiswahili. Nimesitasita sana kuandika haya, maana aliyetendwa si mimi. Mtenda ni mimi!

Niseme ukweli ambao wateja wangu hawaujui... Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Wakipigana sina shida. Shida ni pale watu wawili wanapokaa kuongea dakika nne nzima, nami nimeambulia neno moja. Hapo natunga. Watafsiri wengi tunatunga, tusidanganyane.

Rafiki yangu alikuwa Deusi, fundi seremala niliyekua naye Ilembo. Alifanya kazi Tabora miaka kadhaa, akarudi kwa treni na mke wake Veronika na kichanga, Anjela. Kila mtu aliamini ni mtoto wake. Mimi peke yangu aliniambia, siku tunapalilia mpunga wake Kakese, kwamba Anjela si damu yake. Mwanaume aliyempa Veronika mimba alileta wodini kofia nyekundu ya kufuma, yenye kishada cheupe, akaaga kwamba anakwenda kununua maziwa... hakurudi tena. Deusi akampokea mtoto na kofia yake.

"Joakimu, hili atalisikia kwangu mimi, akishakuwa mkubwa," aliniambia. "Si kwa mtu mwingine." Nikaapa.

Sasa oneni nilivyokuja kulitapika!

Kuna mfululizo wa filamu za wasafiri wa angani, ambao baba zetu waliuangalia kwenye mikanda ya video. Miaka hii umeanzishwa upya na waigizaji wapya. Ilipokuja sehemu ya kwanza ya huo mpya, kibanda kilifurika. Katikati kuna Kamanda anayelea binti. Amekaa na mzee mmoja kando ya chombo chao, wanaongea, wanaongea... Sikuambulia kitu. Watu wakaanza kuguna. Nikachanganyikiwa, mdomo ukatoa kilichokuwa karibu: "Mzee, huyu mtoto si damu yangu. Baba yake aliacha kofia nyekundu yenye kishada cheupe, akaenda kununua maziwa..."

Wanaume wazima walifuta machozi! Tangu siku ile mtaani nikaitwa Kofia. Deusi hakuwepo, alikuwa Mpimbwe anapaua kanisa. Nikajifariji, sikumtaja jina, kosa liko wapi?

Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya pili. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka misa, wengine wamekuja na bodaboda kutoka Kakese. Nilikuwa nimeiangalia peke yangu mara mbili, nikajua kwamba karibu na mwisho Kamanda na binti yake, sasa mkubwa, wanasimama uso kwa uso na kuongea kwa muda mrefu. Maneno nilikuwa nimeyaandaa, ya kofia ileile.

Filamu ilipofika nusu, pazia la mlangoni likafunguliwa. Deusi! Yuko na Veronika, na Anjela wa miaka tisa ndani ya gauni lake la kanisani. Hawakuwa na kawaida ya kuja kibandani, ila siku hiyo walitoka misa wakaja kuniunga mkono. Akaninyooshea dole gumba, wakasogezewa nafasi benchi la tatu.

Kwenye filamu dhoruba ikapita, vita vikapita, nami nahesabu dakika zilizobaki. Ningeweza kusingizia kikohozi. Ningeweza kuzima jenereta, wangenitukana kidogo, yangeisha. Nani angekufa?

Kamanda akamgeukia binti yake. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Kofia!" Wote wakaitikia, "Kofia! Kofia!" Deusi naye alicheka na kupiga makofi, alidhani wanashangilia jina langu la utani, asijue lilikotoka.

Nilitaka sifa. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Nikasema, "Mwanangu, mimi siye niliyekuzaa. Aliyekuzaa alileta wodini kofia nyekundu yenye kishada cheupe, akaenda kununua maziwa..."

Kicheko cha Deusi kikakatika. Anjela akasimama kwenye benchi, akauliza kwa sauti ya kitoto ambayo kila mtu aliisikia, "Baba, si ndiyo ile kofia yangu iliyoko kwenye sanduku la mama?"

Veronika alijifunika uso kwa kitenge. Shingo zote zikawageukia. Deusi alimshika mtoto mkono, wakatoka. Na mimi je? Niliendelea kutafsiri mpaka mwisho!

Asubuhi nilimkuta anapiga randa. Hakuinua macho.

"Ungeniuliza, ningekukatalia," alisema. "Ulilijua hilo, ndiyo maana hukuniuliza."

Shuleni wakamwita Anjela mtoto wa kofia. Akagoma kwenda. Haukupita mwezi, Deusi akafunga vyombo, akahamishia familia Mpimbwe.

Baadaye mwalimu mmoja wa Kiingereza aliniambia kilichosemwa hasa pale. Kamanda na binti yake walikuwa wanabishana kuhusu mafuta ya chombo. Mafuta! Nimempoteza ndugu kwa maneno ambayo hata kwenye filamu hayakuwemo...

Wasomaji wenzangu, wewe mwenye maiki, wewe wa saluni, wewe unayependa kuchangamsha baraza, nakuombeni sana. Jambo la mtu usilitie chumvi, wala usifiche jina lake ukadhani unaweza kulipeleka mbele za watu. Mwenyewe analijua, na mtoto wake analijua.

Mwezi uliopita niliwaona sokoni, wamekuja kununua misumari. Anjela alikuwa ananiita baba mdogo tangu alipojua kuongea. Alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," alisema.

Nilisubiri lile neno jingine. Alimfuata baba yake.