Siku Nilipofuta Makofi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nilisikia la kila mkuu aliyepita jimboni kwetu Iowa, Marekani, kuomba kura kwa miaka thelathini. Nililisikia na kulitii, na guu likavunjika vilevile.

Naitwa Marlys Dykstra. Mimi na mume wangu Harlan tunalima mahindi na soya, tunafuga nguruwe, kwenye ekari mia na sitini alizoachiwa na baba yake. Mimi ni mhafidhina. Sijawahi kukipigia kura chama kingine, na sioni haya kulisema.

Mwaka jana kampuni moja ilituandikia barua. Ilitaka kupitisha bomba la gesi chafu ya viwandani katikati ya shamba letu. Tukakataa. Barua ya pili ikasema: mkiendelea kukataa, tutaomba tupewe ardhi kwa nguvu ya sheria. Wapimaji wakaja, wakachomeka vigingi kwenye mahindi yetu.

Kwa hiyo wagombea urais wa chama chetu walipofanya mdahalo mwezi wa Desemba, nilikuwa na swali moja tu. Nani atazuia kampuni isininyang'anye shamba?

Tuliutazama mdahalo sebuleni kwetu. Wendell Roelofs alikuwepo. Wendell ni binamu ya Harlan, mzee wa kanisa letu, na mwenyekiti wa chama katika kata yetu. Bahati nzuri, mwongoza mdahalo aliuliza swali langu hasa.

Gavana Thornell alijibu kwanza. Alisema amekulia shambani. Alisema baba yake alimfundisha kwamba ardhi ni amana ya Mungu. Alisema hataruhusu serikali kuu ya Washington iguse ardhi ya mkulima. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nami nikapiga, peke yangu kwenye kochi.

Seneta Corbin akafuata. "Mwenye shamba akikataa, amekataa," alisema. Kisha akamwita mwongoza mdahalo mjinga.

"Mtu gani huyu hana adabu," nikasema. "Na wake watatu ameshawaacha."

"Wanne, shemeji," Wendell akasema. "Huyu wa sasa naye amefungasha. Sasa sikiliza. Siku ya mkutano wa kura ya mchujo nataka mtu wa kumsemea Thornell. Dakika tatu tu. Watu wanakuheshimu."

Nikakubali. Katika mkutano huo wanachama wa kila kata humpigia kura wanayemtaka awe mgombea wa chama.

Kesho yake nilimpelekea Twyla Huisman mayai. Twyla alifanya kazi katika maktaba ya mji miaka mingi. Ni wa chama kile kingine. Wapo wanne tu katika kata yetu, na wengine watatu ni jamaa zake. Nilimweleza habari ya Gavana.

"Alijibu nini?" akauliza.

"Kwamba atalinda ardhi yetu."

"Dhidi ya nani?"

"Washington."

"Barua yako imetoka Washington, mama?"

Nikasema, "Twyla, wewe unataka kunivuruga. Nyinyi ndivyo mlivyo."

"Nikuvuruge nipate nini? Mimi humo sina kura. Keti."

Akachukua karatasi, akaikunja katikati. Akafungua mdahalo kwenye kompyuta yake. "Upande huu andika swali. Upande huu andika jibu, neno kwa neno." Nikaandika. "Sasa futa baba yake. Futa Mungu, maana Mungu hagombei. Futa makofi. Kilichobaki ndicho jibu."

Kwa Gavana hakikubaki kitu kuhusu kampuni. Kwa Seneta yalibaki maneno manne.

"Haya ni maneno tu," Twyla akasema. "Maneno hata kasuku anayo. Sasa tutazame walichofanya. Kila sheria huandikwa: nani aliipigia kura, nani aliitia saini. Kusoma ni bure. Na usiamini kipande cha gazeti wala karatasi ya kampeni. Soma yenyewe."

Tulisoma saa mbili nzima. Miaka miwili nyuma, katika jimbo lake, Gavana Thornell alitia saini sheria ya kuruhusu kampuni za mabomba kuchukua shamba la mtu aliyekataa. Saini yake ilikuwepo chini, kubwa, nzuri.

"Basi ni Corbin," nikasema.

"Hukumaliza. Naye msome."

Corbin alipinga sheria kama hiyo jimboni kwake. Lakini pia alipiga kura kupunguza bima ya mazao, bima iliyotuokoa mwaka wa ukame.

"Kwa hiyo hakuna mtu safi?" nikauliza.

"Hukuja kuchagua mkwe," Twyla akasema. "Amua kipi usichoweza kukipoteza, kisha piga kura ukijua unachonunua."

Bima ikipungua, tutabana matumizi. Shamba likienda, limekwenda.

Nilimpigia Wendell simu siku hiyohiyo. Nikamwambia nimebadili nia, nikamwambia na sababu.

"Shemeji, jina lako nimeshalipeleka kwa watu wa Thornell," akajibu. "Soma tu karatasi yao ya kampeni. Ya sheria waachie wanasheria."

Siku ya mkutano ilikuwa Jumatatu ya Januari, katika ukumbi wa michezo wa shule. Watu themanini na wanane walikaa na makoti yao. Jina langu likaitwa. Nikasoma karatasi ya kampeni yote, bila kuruka neno. Kisha nikasema, "Hayo ndiyo aliyosema. Haya ndiyo aliyotia saini." Nikaanza kusoma sheria.

"Keti, Marlys," Wendell akasema.

"Nina dakika tatu. Nimetumia mbili."

Nikamaliza. Watu wakaandika majina kwenye vikaratasi, kwa siri. Katika chumba kile Corbin alipata arobaini na saba, Thornell arobaini na moja.

Katika jimbo zima Thornell alishinda. Vigingi bado vimo shambani.

Lakini mwezi wa pili mbunge wetu wa jimbo alikuja kuzungumza na wakulima. Alikuta watu kumi na mmoja wana karatasi zilizokunjwa katikati. Akaanza na habari za babu yake. Harlan wangu, ambaye hasemi hata kanisani, akainuka.

"Babu yako tunamjua, tumemzika sisi. Kampuni ichukue shamba la mtu aliyekataa: ndiyo au hapana?"

Mbunge akatazama mlango. Kisha akasema hapana. Twyla akampa kalamu, naye mbunge akaliandika jibu lake na kutia saini mbele yetu. Kura yake bungeni tutaisoma, naye anajua tutaisoma.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kahawa baada ya ibada, Wendell alinivuta pembeni.

"Shemeji, watu wa chama wamekaa kikao juu yako. Sema samahani kidogo tu, yaishe."

"Nilisoma uongo?"

"Hapana. Lakini uliniaibisha mbele ya watu."

"Sheria ile niliitia saini mimi?"

"Marlys, ni neno moja tu. Unapungukiwa nini?"

"Siombi radhi, Wendell. Si leo, wala Jumapili ijayo."