Tahadhari Iliyozibwa Mdomo

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani yake. Kila jioni seremala alijikung'uta vumbi la mbao mlangoni, akanawa, akampakata kitinda mimba wake wa miaka minne na kumfungulia mama yake kwenye simu. Mama huyo alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Alichomwachia ni akaunti yake ya mtandaoni, na ndani yake video alizojirekodi akiwa kitandani hospitalini: anamwimbia, anamtania, anamwita "kibibi changu". Bila kumsikia, mtoto halali.

"Baba, tuzihifadhi na pengine," kifungua mimba, msusi wa saluni, alimwambia.

"Ziko mtandaoni. Zitaota miguu ziende wapi?"

Binti naye akaahirisha. Leo wateja wengi, kesho simu imejaa. Alichofanya ni kuingiza namba ya baba yake kwenye akaunti ile, ili mtu akibadilisha barua pepe au neno la siri, taarifa imfikie papo hapo.

"Ukiona ujumbe wa hivyo, baba, usiulalie. Niite."

"Sawa, bosi."

Ujumbe ukaanza kuingia, mwingi wa bure tu. Lakini kila mmoja ulianza kwa kumsalimu marehemu kwa jina lake, kama mgeni anayebisha hodi na kumuulizia. Siku moja, randa mkononi, mbele ya wateja, seremala akasoma: "Hujatutembelea kwa muda mrefu. Marafiki zako wamekukumbuka." Akakaa chini kwenye maranda na kulia kama mtoto. Kabla hajasimama, alikuwa ameufungia ujumbe wote wa akaunti ile. Hakumwambia mtu.

Mtaniuliza, nani angemlaumu? Mimi namlaumu. Namhurumia, na bado namlaumu.

Maana neno la siri la akaunti ile lilikuwa jina la kitinda mimba, jina ambalo mtaa mzima unaliita asubuhi hadi jioni. Mwizi hakuhitaji ujanja. Aliingia, akaondoa barua pepe ya marehemu, akaweka yake. Tahadhari ikatumwa, tena kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu: "Barua pepe ya akaunti yako imebadilishwa. Kama si wewe, bonyeza hapa uirudishe." Ikafika kwenye simu ya seremala, ikakaa humo imezibwa mdomo, mpaka muda wa kubonyeza ukapita.

Aliyeleta habari ni shangazi wa watoto. Aliingia hata viatu hajavua.

"Kaka, mkeo amefufuka?"

"Unasema nini wewe?"

"Anauza dawa ya kupunguza tumbo! Picha ni yake, jina ni lake. Kinyozi ananiuliza kama oda zinachukuliwa kaburini au mkeo analeta mpaka mlangoni!"

Msusi aliinyakua simu. Akatafuta, akatafuta tena. Akajaribu neno la siri la akaunti, likakataa.

"Baba, hukupata ujumbe?"

"Niliufungia."

"Uliufungia?"

"Ulikuwa unamwita mama yako kila siku, mwanangu. Nilishindwa."

"Si ungeniambia! Ningeweka namba yangu. Mimi ningeweza, baba. Mimi ningeweza!"

Waliandikia kampuni. Wakaombwa vithibitisho, wakavituma, wakaombwa vingine. Mwishowe akaunti ilirudi, ikiwa imefagiliwa. Mwizi alikuwa amefuta kila video ili apate pa kupanga makopo yake ya dawa.

Jioni hiyo mtoto alileta simu mwenyewe, akapanda mapajani kwa baba yake. "Mama," akasema.

Dada yake alijificha nyuma ya pazia, akaimba kwa sauti nyembamba kama ile. Mtoto alisikiliza kidogo, akashuka, akalivuta pazia.

"Huyu ni wewe. Mimi nataka mama."

Aliendelea kumtaka jioni baada ya jioni, kwa kilio, kisha kwa kunung'unika. Halafu ikaja jioni aliyolala mwenyewe bila kuuliza chochote. Hiyo ndiyo iliyomvunja seremala kabisa.

FUNZO

Wenzangu, ujumbe unaokuambia barua pepe ya akaunti yako imebadilishwa si kelele. Ni jirani anayekuita kwamba mlango wako umevunjwa. Usome siku hiyo hiyo, na kama si wewe uliyebadilisha, chukua hatua kabla mwizi hajatulia. Hakikisha unafika kwenye simu unayoitazama kweli. Kama moyo wako hauwezi kuusoma, usiuzime kimya kimya. Mkabidhi mwenye moyo huo. Neno la siri lisiwe jina linaloitwa barabarani. Na kitu usichoweza kukinunua tena, usikiache mahali pamoja tu. Seremala alitaka kuyakwepa maumivu yake. Leo anayo yale yale, na ameongezewa ya mtoto.