Bibi Atapanda Gari Lipi?

Manka anaishi Marangu, kwenye nyumba yenye migomba mingi. Leo shangazi yake, Aikande, anaolewa.

Uani kuna magari mawili ya zamani.

Jekundu ni la baba mdogo. Lilikuja kwa meli kutoka Amerika. Pua yake ni ndefu, na linang'aa kama pipi.

Jekundu ni laini. Vuuuum.

Pikapu ya kijani ni ya baba. Siku ya soko inambeba Bibi na ndizi zake. Taa yake moja inatazama pembeni.

Pikapu ni ngumu. Koho koho koho.

"Bi harusi atapanda jekundu," anasema baba mdogo. "Pikapu ibebe matarumbeta na keki."

"Nami nitakaa na mama," anasema Shangazi Aikande. "Nilimwahidi."

Mama yake ndiye Bibi.

Lakini viti vya jekundu viko chini sana. Bibi anainama. Magoti yanalia, kwich. Anajaribu tena. Kwich. Kilemba chake kinagonga paa.

"Nendeni tu," anasema Bibi. "Mimi nitabaki na kuku."

"Basi na mimi nabaki na kuku," anasema Shangazi. Machozi yanamlengalenga.

Manka anatazama huku. Anatazama kule.

Jekundu ni laini. Vuuuum.
Pikapu ni ngumu. Koho koho koho.

"Bibi, siku ya soko unapandaje?"

"Nakanyaga hapa, nashika pale, nakaa."

"Basi panda hivyo hivyo."

Bibi anakanyaga hapa. Anashika pale. Anakaa. Magoti kimya.

Shangazi anakusanya gauni lake jeupe. Anakaa ubavuni kwa mama yake.

Baba mdogo anakuna kichwa. "Bi harusi kwenye gari la ndizi? Watu watacheka."

"Wacheke," anasema Shangazi. "Mimi nipo na mama."

"Na keki je?"

"Keki haina magoti," anasema Manka. "Ipande jekundu."

Baba mdogo anacheka mpaka anashika tumbo. Kisha anaiweka keki kwenye kiti laini, polepole, kama mtoto aliyelala.

Wapiga matarumbeta wanaruka nyuma ya pikapu. Pararaa, pa, pa!

Barabarani watu wanacheka kweli. Halafu wanapiga vigelegele. Bibi anawapungia mkono mmoja. Mkono mwingine umeshikwa na bi harusi, njia nzima.

Na keki? Imefika salama. Hata ua moja la sukari halikudondoka.

Jioni Manka analala kitandani kwa Bibi.

"Baba yako mdogo anasema jekundu ni zuri kuliko pikapu," anasema Bibi. "Wewe unaonaje?"

Manka anapiga mwayo. "Kubeba nini?"

Bibi anacheka taratibu. Anamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Nje, magari mawili yanapoa, bega kwa bega.

Tik, linasema jekundu.

Tik, inajibu pikapu.

Tik.