Sufuria Nyuma ya Mlango

Kwangala! Kabla hakujapambazuka, sufuria iliyoegemezwa mlangoni ilianguka sakafuni. Chiriku aliketi kitandani. Majirani walimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, lakini wiki hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

"Wewe Chiriku," mama yake aliuliza gizani, "tangu lini sufuria zetu zinalala mlangoni?"

Nje, chuma kilikwaruza chuma: kri, kri, kri. Mtu alikuwa akifungua bawaba za mlango.

Chiriku aliangua kilio. "Nisamehe, mama. Msimamizi wa nyumba alinituma kwako. Alisema umelalamika sana kuhusu ule waya ulio wazi ukutani, kwa hiyo mwenye nyumba anataka tuhame. Tusipohama, atang'oa mlango. Niliogopa kukwambia, usije ukaugua tena, nikaiegemeza sufuria mlangoni ituamshe akija."

Mama alipoinuka, mlango ulikuwa umeshatoka. Baridi ikaingia. Msimamizi aliubeba begani, macho chini.

"Lakini kodi tumelipa!" mama alisema.

"Nyumba si yenu, dada. Mimi natumwa tu."

Mama aliketi kando ya cherehani yake. "Tufungashe, mwanangu. Mnyonge hana haki."

"Nani kasema mfungashe?" Alikuwa fundi viatu, mzee wa chumba cha pili, amebeba kigoda na nyundo yake. Aliketi palepale kizingitini. "Nendeni ofisi ya ushauri wa makazi, kule karibu na zahanati. Leo mlango wenu ni mimi. Bawaba sina, ila magoti yangu yanalia vilevile!"

Mama alicheka kidogo. Chiriku hakuweza. Njia nzima alimng'ang'ania mama mkono, na kila aliyebeba ubao alimdhania msimamizi.

Mshauri, mama wa makamo, aliwapa maji kwanza, akasubiri wanywe, kisha akamsikiliza mama akieleza yote.

"Mlipewa notisi ya maandishi?"

"Hapana."

"Kuna amri ya mahakama?"

"Hatujaiona."

"Basi hakuna mwenye ruhusa ya kung'oa mlango. Nyumba ni yake, ndiyo, lakini maadamu mnalipa na kuitunza, hawezi kuwatoa kama vumbi. Na kuomba waya utengenezwe si kosa."

Alimpigia simu mwenye nyumba, kisha akafuatana nao hadi nyumbani. Mwenye nyumba alifika amevimba kwa hasira. Chiriku alijificha nyuma ya mama. Mshauri hakupaza sauti. Alimweleza kwamba mlango usiporudi siku hiyo, shauri lingekwenda mahakamani. Mwenye nyumba alimung'unya maneno, akamtazama fundi viatu aliyekuwa bado kizingitini, akamwita msimamizi. Kabla jua halijazama mlango ulirudi, na fundi umeme akaja kuufunika ule waya.

Mshauri alimwinamia Chiriku. "Mwanangu, hofu ukiifungia ndani, inanenepa. Ujumbe mzito usiubebe peke yako, mpe mkubwa wako. Na asiyejua haki yake aulize, kuuliza si ujinga."

"Nimesikia, shangazi." Chiriku aliirudisha sufuria jikoni, kisha akamkimbilia mshauri njiani. "Shangazi! Uje tena kututembelea. Ila usiingie tu, piga hodi. Sasa tuna pa kubisha!"