Difu ya Joram

Gunia lililokuwa chini ya kitanda cha Nicodemus lililowa maji mwezi wa Februari mwaka wa themanini na tisa, na Kisumu nzima haikuwa imeona tone la mvua tangu Krismasi. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo yeye mwenyewe alipoanza kuogopa.

Aliyeligundua ni mkewe, Benta, akifagia asubuhi. "Baba Lornah," akaita, "hii gunia yako inatoa maji. Na inanuka matope. Umeweka nini humu, samaki kamongo?"

"Ni spea ya gari. Wachana nayo."

"Spea inatoa maji?"

"Ni oili, Mama Lornah. Nimesema wachana nayo!"

Haikuwa oili. Benta alikuwa nesi, na pua ya nesi huidanganyi kirahisi, lakini siku hiyo alikuwa amechelewa kazini. Alitandika gazeti kuukuu chini ya gunia, akaenda zake. Jioni Nicodemus alipochungulia, gazeti lilikuwa limelowa chapachapa, na juu yake kulikuwa na punje tatu za mpunga, na maganda yake. Nyumba ile ya Kaloleni haikuwahi kuingia mpunga wa shambani, labda mchele wa dukani, tena wa sikukuu. Aliziokota moja moja, akazitupa chooni, akanawa mikono mara mbili.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya gunia, kwa sababu hadithi ya kufichaficha si yangu, ilikuwa ya Nicodemus.

Ilikuwa difu-loki mpya, bado imo ndani ya karatasi yake ya grisi. Gari la fobaifo, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, likikwama, gurudumu moja huzunguka bure na mwenzake husimama tu akitazama. Difu-loki, inayokaa ndani ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, ndiyo huyafunga yale mawili ya nyuma yazunguke pamoja, gari lijitoe. Dereva huvuta kirungu kidogo chekundu karibu na kiti, klak, basi. Kwenye barabara ya lami huihitaji kamwe. Katika matope ya Kano, kwenye mashamba ya mpunga, hiyo ndiyo roho yako.

Nicodemus alikuwa fundi mkuu wa gereji ya Badru. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, mradi fulani wa chanjo ulileta gari lake la kijani, na difu-loki hiyo mpya juu ya kiti. Akafanya lile ambalo mafundi wengi wamelifanya na wakalicheka wakinywa chai. Alitafuta difu-loki kuukuu iliyolika meno, akaiosha kwa petroli, akaipaka rangi ya fedha, akaifunga. Ile mpya akaibeba nyumbani ndani ya gunia. Nani hufungua difu kuangalia ndani? Tena dereva wa gari, Joram, mtu wa Asembo Bay mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, alikuja kumshika mkono.

"Omera, ndugu yangu," Joram akasema, "sasa hata nikikutana na mafuriko ya Ahero, nipite?"

"Pita tu," Nicodemus akajibu. "Hiyo haiwezi kukuangusha."

Wiki tatu baadaye mto ulifurika, Joram akaingia kivukoni nyuma ya Ahero na lile gari la kijani, limebeba dawa. Katikati ya maji akavuta kirungu chekundu. Watu waliokuwa ng'ambo walisikia meno yakiteleza kra-kra-kra, wakaona gurudumu moja likirusha matope na jingine limelala. Walimsikia akipiga honi, akipiga honi, mpaka honi ikanyamaza. Gari liliopolewa siku ya tano. Joram hakuonekana tena.

Kwao Asembo wakafanya desturi ya mtu aliyepotea majini. Walichuma yago, lile tunda refu la kijivu, wakalilaza kaburini mahali pa mwili, ili marehemu apate pa kulala asije akawa jachien, roho ya kuwahangaisha watu. Mjane wake, Rosa, hakukubali mtu mwingine alibebe. Nicodemus alikuwepo. Aliinamisha kichwa, akaomba pamoja na waombaji, akala mazishini. Wee! Mtu ana moyo.

Kuiuza ile spea aliogopa, kuitupa ilimuuma. Ikakaa chini ya kitanda.

Basi Februari hiyo mradi ukaamua kulifufua gari la kijani, na likaletwa kulekule kwa Badru libadilishwe difu-loki iliyokufa. Nicodemus alipolikuta langoni alitaka kugeuza arudi nyumbani. Kisha akajipa moyo. Alijiambia, kitu si changu, nitakirudisha mahali pake, yaishe. Akamdanganya Badru kwamba spea ameipata kwa jamaa mmoja Nakuru. Na alikuwa na sababu ya kutaka kazi iwe safi safari hii. Surua ilikuwa imeingia Kano, watoto walikuwa wakifa, na nesi aliyepangwa kwenda na gari hilo Alhamisi alikuwa Benta.

Jumanne, saa sita mchana, jua likichoma mabati, alilala chini ya gari akafungua nati ya kumwagia oili. Yalitoka maji. Maji ya kahawia, baridi, yenye harufu ya shamba lililooza. Alikinga karai, likajaa. Akasogeza la pili, likajaa. Difu ile hushika lita tatu.

"Nico," Badru akasema kwa sauti ya chini, akiwa amechuchumaa pembeni, "hayo maji yanatoka wapi?"

"Ilikaa mtoni, Mzee. Yamebaki tu."

"Yamebaki miezi kumi? Wallahi, hebu acha utani."

Nicodemus aliyasogeza makarai pembeni. Alitoa ile iliyolika, akaifunga mpya, akakaza kila nati mara mbili huku jasho likimwingia machoni, na alipomaliza akakaa chini akipumua kama aliyetua mzigo. Gari lilikuwa juu ya mawe, betri imetolewa iko juu ya meza, na shafti ya kutoka kwenye injini bado haijaungwa. Nakwambia gari lilikuwa halina uhai wowote. Ndipo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka, polepole, yote mawili pamoja, sawasawa, jinsi difu-loki nzuri inavyotakiwa kuyazungusha, na matope mabichi yakaanza kudondoka kutoka kwenye mipira iliyokuwa imeoshwa asubuhi ile, na harufu ya mto ikajaa gereji mpaka watu wakaziba pua, na kirungu chekundu ndani ya gari kikaenda mbele na kurudi, klak, klak, mtu akikijaribu, mtu asiyeonekana akihakikisha kwamba sasa kinashika, na halafu honi, ile honi isiyo na betri, ikalia mara moja, ndefu, na watu wote wa gereji wakatimua mbio mpaka barabarani.

Badru alirudi na mjomba wake, Abeid, mzee aliyejulikana mjini kwa kuwasomea watu waliopagawa. Abeid aliwasha ubani, makaa yakafa. Akawasha tena, makaa yakafa yakitoa ukungu wa maji. Akasoma akilizunguka gari mara tatu, na mara ya nne akasimama, akafunga kitabu chake.

"Huyu simtoi," akasema. "Jini anayemvamia mtu asiye na kosa namjua, na dawa yake ninayo. Huyu hakuvamia. Ameitwa. Kuna mtu hapa ana neno lake."

Macho yake yalipita kwa kila mmoja, yakatua kwa Nicodemus, yakakaa hapo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mzee akanong'ona. "Sema, mwanangu. Ni maneno tu. Ukishayasema huyo atakwenda zake."

Yalikuwa maneno kumi tu, labda kumi na mawili. Nicodemus aliokota tambara akafuta mikono. Akawaza jela, akawaza Rosa, akawaza Benta atamtazamaje. "Mimi sina neno, Mzee," akasema. Abeid akachukua viatu vyake akaondoka, hata chai aliyotengewa hakuigusa.

Badru aliwaambia watu wa mradi gari lisitoke. Wakamcheka, wakampeleka dereva mwingine, Tom, akaliwasha likaitika vizuri kabisa. Usiku wa Jumatano Nicodemus alimbembeleza mkewe.

"Mama Lornah, kesho usiende."

"Kwa nini?"

"Usiende tu. Nakuomba."

"Nipe sababu moja, Baba Lornah, nikae." Benta akangoja. Akamwangalia usoni, masikini. "Huna. Basi niache. Kuna mama huko Kano amezika watoto wawili wiki moja."

Kwa hiyo asubuhi Nicodemus akapanda naye. Alisema anakwenda kusikiliza difu ikiwa kazini, na Tom akafurahi kupata fundi.

Walifika kivukoni saa nne. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanapita. Katikati kabisa kirungu chekundu kilijivuta chenyewe, klak, na gari likasimama. Tom aliteremka atazame, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Baba Lornah," Benta akanong'ona, "miguu yangu imelowa."

Maji yalikuwa yakiingia kutoka sakafuni. Nicodemus alijaribu mlango wake, akaupiga bega, akaupiga teke, haukusogea. Akaupiga na wa mkewe, hivyohivyo. Na nje, upande wa pili wa kioo, Tom alisimama kwenye mchanga mkavu akigonga kwa jiwe na kioo hakivunjiki, na maji yakafika magotini, ya kahawia, baridi, yakizungusha mabua ya mpunga, yakafika kiunoni, na Benta akiwa amelishika sanduku la chanjo juu ya kichwa chake akaanza kusema "Nyasaye, Mungu wangu, Nyasaye," na maji yakampanda kifuani, yeye kwanza, yeye mfupi, na kutoka kiti cha dereva kilichokuwa kitupu ikatoka sauti aliyoijua Nicodemus, sauti ya mtu wa kicheko, isipokuwa sasa haikucheka.

"Omera," ikasema. "Nipite?"

"Joram, mwache mama! Yeye hajui kitu!"

"Nipite?"

Maji yaligusa kidevu cha Benta. Hapo ndipo Nicodemus alipolia, na yale maneno yakatoka.

"Niliiba! Mama Lornah, nilimwibia! Nilimfungia mbovu nikaweka mpya chini ya kitanda. Mimi ndiye nilimwambia apite!"

Mlango wa Benta ukafunguka, akaangukia mchangani na sanduku lake, amelowa mpaka shingoni. Hakuna tone jingine lililomwagika nyuma yake. Mlango ukajifunga tena. Aligeuka akamwona mumewe ndani ya kioo, maji yamefika juu ya kichwa chake, mkono wake umeshika honi. Akapiga honi, akapiga honi, mpaka honi ikanyamaza.

Tom alipoufungua mlango, ulifunguka kwa kidole. Ndani palikuwa pakavu, pana vumbi hata. Juu ya kiti kulikuwa na spana tu.

Walimtafuta siku nne, wakachimba ule mchanga mpaka wakafika kwenye mwamba. Siku ya tano wazee wa Uyoma, kwao Nicodemus, wakasema pachimbwe kaburi na litafutwe yago. Kabla ya hapo Benta alikuwa amekwenda Asembo Bay peke yake, akamkuta Rosa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani, akamwambia kila kitu bila kupunguza. Rosa alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kugeuza omena, na Benta akashika njia ya kurudi.

Siku ya maziko Rosa alifika. Watu walipisha, maana walikuwa wamekwisha kusikia mumewe alifanyiwa nini. Alikuwa amebeba yago kubwa, amelifunga kwa leso nzuri, kutoka kwenye mti uleule lilikochumwa lile la Joram. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Benta, akamwekea mikononi.

"Nimekuchagulia mwenyewe," akasema.

Benta aliyumba kidogo. Hakutarajia lingekuwa zito vile, wala baridi vile, juani.

"Watakuja wakwambie utazoea," Rosa akasema, akimrekebishia mikono ili alishike vizuri. "Mimi waliniambia. Hutazoea."

Kisha akasogea pembeni, akasimama na wanawake wengine, akangoja kuona likishushwa.