Gitaa la Sita

Mutinda, rafiki yangu wa Kitengela, bado hukasirika akisimulia haya. Alikuwa dukani amejaribu magitaa matano yenye tumbo tupu, yaani uwazi ndani, akitafuta sauti nzito ya jazi, na kila akikaribia kuipata, baruti ililipuka kwenye machimbo ya mawe yaliyo jirani na duka zima likatetemeka.

"Dada, hii duka ni ya gitaa ama ya fujo?" akamfokea Kaluki, mwenye duka.

Kaluki akatoka nje kufunga mbao za madirisha. Giza likaingia dukani. Mutinda akapiga gitaa la sita: sauti ndiyo hiyo! Mtu akakohoa.

"Dada, nyamaza!"

"Mimi niko huku nje," Kaluki akajibu.

Kikohozi kikarudi, ndani ya gitaa, na vumbi la mawe likammwagikia mapajani.