Kafuri Kwenye Sanduku la Vioo

Sanduku la vioo vya kupimia damu lilikuwa wazi. Kioo kimoja hakikuwepo.

"Kile cha dhahabu, afande," alisema Majaliwa, mlinzi. "Na ufunguo anao Naila peke yake. Mfunge tu."

Inspekta Abdulnasir akamgeukia Naila, fundi wa maabara ile ya Bagamoyo. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Dhahabu kiasi gani?"

"Haitoshi hata kipini cha pua, afande. Ni chembe zisizoonekana. Zinanata kwenye kioo palipo na jeni iliyokuwa ikifanya kazi katika damu ya mgonjwa. Tukizipaka fedha, doa linajitokeza jeusi, hata kama jeni ilikuwa dhaifu."

Chupa ya dhahabu ilikuwepo, imejaa. Mwizi hakuigusa.

Inspekta akainamia sanduku. Harufu iliyotoka humo aliijua tangu siku alipomwosha marehemu baba yake.

"Mnatumia kafuri humu?"

"Hapana."

Akaokota kinyuzi cha pamba.

"Kioo kilikuwa na damu ya nani?"

"Ya Yunus, mtoto wa kijiji cha Mkange. Malaria ilimuua masika haya. Jana mama yake alikuja, nikamwonyesha."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba madoa yale ni jeni zake, bado zinaongea. Kisha nikaenda kuswali. Nilimwacha peke yake, sanduku likiwa wazi."

Walimkuta Bi Swaumu, mama yake Yunus, uani kwake, Mkange, kama aliyewangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekifuata."

Akawapeleka makaburini. Kwenye kaburi dogo udongo ulikuwa umefukuliwa upya ubavuni.

"Kafuri ulitoka nayo nyumbani?"

"Nilitoka nayo. Nilijua wamebaki na kitu chake. Kila usiku ananiita, 'Mama, nimebaki huku.' Mume wangu akasema ndoto. Halafu binti huyu ananiambia mwanangu bado anaongea ndani ya kioo! Ningemwacha, afande? Mtu hazikwi nusu. Nimemvika pamba, nimemlaza na nusu yake."

"Huyu binti angefungwa kwa ajili yako."

"Anisamehe. Yeye angetoka jela. Wangu angetokaje mle?"

Inspekta akashusha pumzi. "Basi sasa amenyamaza."

"Hapana, baba. Usiku wa kuamkia leo ameita tena."

Naila alikuwa ameinamisha kichwa.

"Naila," Inspekta alisema taratibu. "Kuna kingine?"

"Damu yake iliyobaki. Kwenye friji ya maabara."

Bi Swaumu akafungua pindo la khanga. Pamba ilikuwa imebaki.